Sahani ya Tatu

Hester Pilling alipopewa kijitabu chake cha mchezo mpya, alifanya kile ambacho kila mwigizaji hufanya hata kama atakana mbele ya watu: alitafuta pembe tulivu akahesabu ni mara ngapi atafungua kinywa. Mara kumi na saba. Kwa mtumishi wa ndani, hiyo haikuwa haba. Kwa miaka minane alikuwa amezunguka Uingereza na makundi ya maigizo, kila Jumapili ndani ya treni na sanduku lake, kila Jumatatu kwenye jukwaa la mji mwingine. Alikuwa ameshacheza watumishi waliobeba chai, waliobeba barua, na mmoja, kule Carlisle, aliyebeba kichwa cha nguruwe kwenye sinia. Wengi wao hawakupewa hata "ndiyo, bwana."

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, na moyo ukamruka kwa furaha.

Kijitabu cha mwigizaji kilikuwa na maneno yake mwenyewe tu, pamoja na vijineno vichache vya yule anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Mchezo mzima alikuwa nao mtu mmoja, mshika kitabu, anayewanong'onezea waliosahau maneno. Ukurasa wa mwisho wa Hester ulianza na vijineno vya mwenzake, "...mahali pangu tena." Chini yake zilifuata sentensi mbili za Martha, mtumishi. Na chini ya sentensi hizo kulikuwa na neno moja lililopigiwa mstari: Pazia.

Maneno ya mwisho ya mchezo! Maneno ambayo watu hutoka nayo ukumbini na kwenda nayo mpaka kitandani, kumbe alipewa mtumishi. Hester aliyasoma mara tatu, akakifunga kijitabu, akakikalia.

Alikuwa na sababu ya kukikalia. Kundi lilikuwa la Bwana Everard Stroud, ambaye ndiye aliyekuwa tajiri wao, mkufunzi wao, na kila mara, katika kila mchezo, mume, mpenzi au shujaa. Bwana Stroud alikuwa na sauti ya kinanda cha kanisani na mkono mwepesi sana kwa mali ya wenziwe. Wiki ya kwanza ya mazoezi alimsimamisha Hester katikati ya sentensi.

"Hapo, binti. 'Mvua hii haitamleta mtu nyumbani.' Rudia."

"Mvua hii haitamleta mtu nyumbani," Hester akarudia.

"Ina uzito, hiyo. Itakuvunja shingo. Nipe mimi."

Akaichukua. Kesho yake akachukua nyingine, iliyokuwa na kichekesho ndani yake, kwa kuwa mtumishi akichekesha watazamaji wataacha kumtazama mwenye nyumba. Wiki ya tatu ilipoisha, kumi na saba zilikuwa zimebaki tisa, na mojawapo ya hizo tisa ilikuwa "Ndiyo, mama."

Lakini ile ya mwisho hakuigusa. Hakuigusa kwa sababu hakujua ipo, na hakujua ipo kwa sababu ya miiko yake mwenyewe.

Waigizaji wote walikuwa na mwiko huu: maneno ya mwisho ya mchezo hayatamkwi mazoezini. Yanangoja usiku wa kwanza, watazamaji wakiwa wamekaa. Ukiyasema mapema, mchezo umekufa. Wengine waliushika mwiko huo kwa mzaha mzaha, lakini Bwana Stroud aliushika kama mtu anayeshikilia ukingo wa meli. Huko Hull, kijana mmoja aliyatamka kwa bahati mbaya mazoezini, na mchezo ukafa siku ya tatu. Bwana Stroud alimfukuza kijana yule kabla hajavua kofia ya jukwaani. Tangu hapo alikataza hata kuulizana ni ya nani. Mazoezi yakifika mwisho, mzee Enoch Tapp, mshika kitabu, aligonga meza mara moja kwa penseli na kusema, "Pazia." Basi. Kila mtu akaenda kutafuta chai.

Mtu makini angesoma mchezo mzima kabla ya kuununua. Bwana Stroud alisomewa, na mwandishi mwenyewe, Bi Clegg, mwalimu wa shule kutoka Rochdale. Alisomewa baada ya chakula cha mchana chenye bata na mvinyo. Sehemu ya kwanza aliisikiliza akiwa amefumba macho. Sehemu ya tatu macho yalikuwa bado yamefumbwa, ila hakuwa anasikiliza tena. Akazinduka kwa neno "pazia," akapiga makofi, akasema ni kazi nzuri. Siku ya pili ya mazoezi Bi Clegg alithubutu kusema kitu kuhusu sahani, akaombwa kwa adabu kubwa arudi Rochdale.

Kuhusu sahani hiyo palikuwa na ugomvi kila siku. Mchezo ulikuwa juu ya Ralph, mume aliyeondoka nyumbani kwa hasira akakaa miaka kumi na miwili. Mkewe Eleanor na dada yake walibaki wakila wawili. Na kila Martha alipoandaa meza, Hester aliweka sahani tatu.

"Bi Pilling," Bwana Stroud alisema, "hebu nihesabie watu walioko mezani."

"Wawili, bwana."

"Na sahani?"

"Tatu."

"Huko kwenu Oldham hesabu wanafundishwa mpaka ngapi?"

Wenzake wakacheka. Hester naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. "Imeandikwa, bwana," akasema.

"Imeandikwa! Hata kwenye chupa ya sumu imeandikwa. Tapp, imeandikwa?"

"Imeandikwa, bwana mkubwa," akasema mzee Tapp bila kuinua kichwa.

Mzee Tapp alikuwa na miaka arobaini ya kukaa pembeni mwa jukwaa, kitabu magotini, koti lake likinuka tumbaku na gundi. Jioni ile alimkuta Hester kwenye ngazi akila viazi na samaki ndani ya gazeti. Akaketi kwa tabu, akachukua kiazi kimoja bila kuomba.

"Najua ulichonacho," akasema.

"Nina viazi, mzee."

"Usinichezee, mwanangu. Kitabu kizima ninacho mimi." Akatafuna. "Akijua, atakupora."

"Ndiyo maana hajui."

"Siku atakapojua, utakuwa mbele ya watu elfu mbili."

"Basi watakuwa mashahidi," Hester akasema, akampa kiazi kingine.

Mzee Tapp akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayetaka kukemea lakini kicheko kinamzidi nguvu.

Mtu asidhani kwamba Hester alikuwa anacheza tu. Wiki ya nne Bwana Stroud aliwakusanya wote akatangaza kwamba usiku wa kwanza, hapo Manchester, atakuja Bwana Lasker, mwenye ukumbi mkubwa kule London. Mchezo ukimpendeza, kundi litahamia London kwa msimu mzima. Halafu akamvuta Hester kando. Kule London, akamwambia kwa sauti ya kumpaka mafuta, nafasi ya Martha ataichukua mpwa wake, Lettice, ambaye ana sura ya London. Hester aliitika vizuri tu. Lakini alipofika kwenye chumba chake cha kupanga alikaa juu ya sanduku lake bila kuvua koti. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alijua anaweza, hakuwahi kuwa na shaka juu ya hilo hata siku moja, hata pale Carlisle na nguruwe wake. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa kimya kwa muda wa kutosha ili amsikie. Akikosa safari hii, atazeeka amebeba chai.

Wakati huohuo, wakubwa wawili wa kundi walikuwa wanadanganyana bila kujua. Bi Honoria Vane, aliyecheza Eleanor, alikuwa mwanamke mwema mwenye mabega mazuri, na aliyajua. Siku moja alimwita Hester amfunge vifungo vya mgongoni.

"Shoga yangu, huyu Stroud amejipa neno la mwisho, sivyo? Usiseme! Usinijibu! Nuksi hiyo. Mimi naona tu anavyovuta pumzi pale mwishoni, kama farasi anayekaribia maji."

"Mimi nafunga vifungo tu, mama," Hester akasema.

Na Bwana Stroud naye, siku hiyohiyo, alimwegemea mzee Tapp begani. "Unajua, Tapp, watu husema mimi mchoyo. Lakini neno la mwisho nimemwachia Honoria. Sijampokonya. Mimi ni muungwana."

Mzee Tapp alipaliwa na moshi wa kiko chake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Pigo lilikuja siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya mavazi na taa. Kitabu kilimtaka Martha asimame mlangoni hadi mwisho, ameshika taa. Bwana Stroud alipofika kwenye maneno yake, "Sikujua kama bado kuna mahali pangu tena," aligeuka akamwona.

"Wewe bado uko hapo?"

"Niko mlangoni, bwana."

"Mume na mke wanaonana baada ya miaka kumi na miwili, na wewe umesimama kama nguzo! Unanizibia mwanga. Mimi nikiingia, wewe unatoka. Unafunga mlango. Umeelewa?"

Hester akamtazama mzee Tapp. Mzee Tapp alikuwa anatazama penseli yake.

"Nimeelewa, bwana," akasema. "Ukiingia, natoka."

"Na ile lafudhi yako ya vinu vya pamba vya Oldham iache nje pamoja na viatu vyako. Watumishi wa mchezo huu wanaongea Kiingereza."

Bi Honoria alimwonea huruma, akampa nusu ya keki. Mzee Tapp alimfuata nyuma ya mapazia yaliyochorwa, uso wake ukiwa umeshuka.

"Basi, mwanangu. Amekufungia nje."

"Ameniambia nitoke, mzee, na nitatoka," Hester akasema, akifuta makombo ya keki mdomoni. "Hajaniambia nisirudi."

Usiku wa kwanza ukumbi ulijaa mpaka juu kabisa kwenye viti vya bei rahisi, ambako wanawake wa vinu vya pamba walikaa na shali zao na viatu vyao vya soli za mbao, wakigawana machungwa. Bi Clegg alikuwa huko huko juu, hakutaka kiti cha heshima. Bwana Lasker alikuwa chini, kiti cha pembeni, mtu mfupi aliyeshika saa mkononi kana kwamba ana treni ya kuwahi.

Sehemu ya kwanza, Hester aliweka sahani tatu. Sehemu ya pili, miaka ikiwa imepita na nywele za Eleanor zikiwa zimepakwa unga mweupe kidogo, akaweka tatu tena, ile ya tatu akaifuta kwa aproni kabla ya kuiweka. Alifanya hivyo taratibu, bila neno, maana maneno ya hapo alishaporwa. Huko juu maganda ya machungwa yaliacha kuchunika. Akasikia mwanamke mmoja akimwambia jirani yake, "Ya yule mume, hiyo." Hester aliingia pembeni akitabasamu kwa raha. Wao walikuwa wameelewa.

Sehemu ya tatu, sahani tatu zikiwa tayari mezani, Bwana Stroud akaingia akiwa amelowa maji ya ndoo, akapigiwa makofi ya kumkaribisha. Hester akainama, akatoka, akafunga mlango. Nyuma ya mlango ule wa turubai na mbao alisimama akisikiliza, mkono juu ya kitasa.

"Miaka kumi na miwili, Ralph," alisema Bi Honoria.

"Sikujua kama bado kuna mahali pangu tena," alisema Bwana Stroud, kinanda chote kikilia.

Halafu kimya.

Bwana Stroud akamtazama Bi Honoria kwa macho ya mapenzi, akingoja. Bi Honoria akamtazama yeye kwa macho ya mapenzi, akingoja vilevile. Mapenzi yalianza kupungua machoni mwa wote wawili. Jasho likachomoza chini ya unga wa Bwana Stroud. Upande wa pili mzee Tapp alikuwa amesimama, kidole juu ya kengele ya pazia, na hangeweza kuibonyeza kabla maneno ya mwisho hayajasemwa. Hakumnong'onezea yeyote. Alimtazama Hester tu.

Hester hakuwa na haraka. Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Mwingine angerukia ndani kwa hofu ya kuchelewa. Yeye aliuacha ukimya ule ukomae, kwa sababu ulikuwa wake, na alikuwa ameungoja kwa miaka minane. Alimsikia Bi Honoria akivuta pumzi na kuanza, "Ralph, mimi..."

Akafungua mlango.

Hakuja mbele. Alisimama palepale kizingitini, pale kitabu kilipomweka, taa mkononi, na mwanga wa taa ukaangukia ile sahani ya tatu. Katika kijitabu chake maneno yalikuwa ya mtumishi wa kawaida wa jukwaani. Lakini yalipofika mdomoni, aliyemjia alikuwa mama yake, kule Oldham, ambaye kila Krismasi humwandalia nafasi mezani ingawa anajua binti yake yuko mbali jukwaani, akibeba chai. Hester akayasema kwa sauti ya mama yake na kwa lafudhi ya mama yake, wala hakuyasukuma.

"Sahani yako iko mezani, bwana. Haijaondolewa hata siku moja."

Mzee Tapp akabonyeza kengele. Pazia likashuka.

Kwa muda hakukuwa na sauti yoyote, na Bwana Stroud akafunga macho kama mtu aliyehukumiwa. Kisha huko juu mwanamke mmoja akapiga sakafu kwa kiatu chake cha mbao. Akapiga wa pili. Halafu viatu vyote vya Manchester vikaanza, ukumbi ukatikisika hadi vumbi likaanguka kutoka darini. Walikuwa wanalia na kupiga miguu kwa pamoja. Pazia lilipanda na kushuka mara kumi na moja.

Liliposhuka kwa mara ya mwisho, Bwana Stroud alimgeukia Hester.

"Nani kakupa maneno yale?"

"Bi Clegg, bwana."

"Tapp!"

Mzee Tapp akaja na kitabu, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Bwana Stroud akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza.

"Toka lini?"

"Toka Februari, bwana mkubwa."

"Na wewe, Bi Pilling, ulikuwa unajua? Wiki tano! Kwa nini hukuniambia?"

"Maneno ya mwisho hayasemwi mazoezini, bwana," Hester akasema kwa upole. "Wala kuulizana ni ya nani. Ni amri yako."

Bi Honoria aligeukia ukuta, mabega yake mazuri yakitikisika kwa kicheko. Bwana Stroud alipumua kwa nguvu, akajiweka sawa, na hapo hapo, kwa sababu alikuwa Bwana Stroud, mkono wake ukaanza kunyooka. "Ni maneno mazito sana. Nadhani kule London yangefaa..."

"Yachukue, bwana," Hester akasema. "Ila utajiambia wewe mwenyewe kwamba sahani yako iko mezani?"

Bwana Stroud alifikiri. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa anafikiri kweli, anatafuta njia, na njia haikuwepo.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa akaingia Bwana Lasker, saa yake ikiwa mfukoni sasa. Alimpa mkono Bwana Stroud, akambusu mkono Bi Honoria, kisha akatazama huku na huko.

"Yuko wapi yule dada wa sahani?"

"Ni mimi."

"Ile sauti umeitoa wapi?"

"Nyumbani, bwana."

"Uje nayo," akasema Bwana Lasker. Akamgeukia Bwana Stroud. "Mchezo nauchukua, na huyu akiwa mlangoni. Asipokuwepo mlangoni, siuhitaji."

"Lakini ndivyo tulivyopanga tangu mwanzo!" alisema Bwana Stroud, akamshika Hester bega kwa mapenzi ya baba. "Muulize Tapp."

"Imeandikwa," akasema mzee Tapp.

Lettice alipewa nafasi ya msichana wa maua katika sehemu ya pili, na aliimudu vizuri.

Mwezi mmoja baadaye walianza mazoezi kwenye jukwaa la London, kubwa na baridi kama stesheni. Kwa Bwana Stroud kila jukwaa jipya ni mchezo mpya, kwa hiyo mwiko ulibaki palepale. Mchana wa kwanza walifika kwenye ukurasa wa mwisho. Bwana Stroud akalowa kwa mvua ya kufikirika. Bi Honoria akasema maneno yake, yeye akasema yake, kisha wote wakanyamaza kungoja penseli.

Kilikuwa kimya kilekile cha Manchester cha mazoezini, kile ambacho kwa wiki tano kila mtu alikitumia kutafuta kofia yake. Safari hii hakuna aliyetafuta kofia. Bwana Stroud alikuwa amegeuka, na Bi Honoria, na Lettice pembeni, na mafundi wa taa waliokuwa hawamjui kwa jina. Wote walikuwa wanatazama mlangoni, aliposimama Hester Pilling na taa isiyowashwa, amefunga mdomo.

Mzee Tapp aliwaacha wamtazame kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akagonga meza.